Kisichobebeka: Safari ya Neno Wizi Kwenye Mwambao wa Rumonge

Mkungu wa chikichi ukiiva hujisema wenyewe. Punje chache huanza kudondoka chini ya mti, nyekundu zenye weusi kichwani, na mwenye shamba anayepita alfajiri akiziona majanini anajua siku ya kukwea imefika. Mkweaji hujifunga kamba kiunoni, akaizungusha kwenye mti, akapanda kwa miguu mitupu akikanyaga makovu ya makuti ya miaka iliyopita. Juu kule hukata kwanza makuti yanayoukumbatia mkungu, kisha hulishusha panga kwenye kikonyo. Mkungu hushuka na mshindo, punje zikatawanyika, watoto wakazikimbilia na vikapu.

Kwa mwanasheria, kati ya pigo la panga na mshindo ule limepita jambo kubwa. Mkungu ulipokuwa juu ya mti ulihesabiwa kuwa sehemu ya mti, na mti ni sehemu ya ardhi, na ardhi haiibiki. Ulipokatika ukawa kitu cha kubebeka, na kitu cha kubebeka kinaweza kuibwa. Mtu aliyepanda usiku mti wa jirani hajaiba chochote mpaka panga lipite. Akishaukata, ni mwizi aliyekamilika, hata kama mkungu wenyewe bado uko chini ya mti na yeye bado yuko juu.

Hili lina uzito katika Rumonge kuliko mahali pengi. Mji huu uko kwenye mwambao wa Tanganyika, kilomita 70 na kidogo kusini mwa Bujumbura, katika uwanda wa Imbo unaobanwa kati ya ziwa na milima. Ndiko mawese ya Burundi yanakotoka. Ndiko pia walikokimbia maelfu ya watu mwaka 1972 wakiacha nyuma nyumba, mitumbwi na michikichi, na ndiko walikorudi wao na wajukuu zao kukuta watu wengine wakiishi humo. Waliporudi walitumia neno moja tu kueleza lililowapata: tumeibiwa. Sheria, kila ilipoulizwa, ilijibu kwamba hilo halikuwa wizi. Historia ya mwambao huu inaweza kusimuliwa kama historia ya jibu hilo.

Maneno ya sheria yenyewe yalitoka mbali. Ibara ya 379 ya kanuni ya adhabu ya Ufaransa ya mwaka 1810, enzi za Napoléon, ilimtaja mwizi kuwa ni yule anayekiondoa kwa hila kitu kisicho chake. Ubelgiji iliyachukua maneno hayo karibu yalivyo katika kanuni yake ya mwaka 1867, ibara ya 461, kisha ikayapeleka Kongo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walipokabidhiwa Ruanda-Urundi na Umoja wa Mataifa wa wakati ule, waliiunganisha kiutawala na Kongo kwa sheria ya mwaka 1925, na kanuni ya adhabu ya Kongo ya tarehe 30 Januari 1940 ikavuka ziwa ikaja kutumika Burundi. Burundi huru iliandika kanuni zake yenyewe mwaka 1981, ikazifanyia marekebisho makubwa mwaka 2009 na tena 2017. Mzizi wa kosa la wizi haukung'olewa.

Ukiyapasua maneno yale machache unakuta ndani yake mambo manne, na mwendesha mashtaka lazima ayathibitishe yote. Pawe na kitu. Kitu kiwe cha mtu mwingine. Kiwe kimeondolewa, yaani kimetoka mkononi mwa mwenyewe kikaingia mkononi mwa mwingine bila ridhaa yake. Na aliyekiondoa awe na nia ya hila: alijua si chake, akataka kukifanya chake. Likikosekana moja, mshtakiwa anaachiwa, ingawa anaweza kudaiwa kwa njia nyingine.

Ng'ambo, upande wa Kigoma, sheria ilipita njia nyingine ikafika karibu pale pale. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, iliyorithiwa kwa Waingereza, inatumia kifungu kizima, cha 257, kueleza vitu vinavyoweza kuibwa kabla ya kifungu cha 258 kusema kuiba ni nini. Humo imeandikwa wazi kwamba kilichoshikamana na ardhi huwa kitu cha kuibika mara tu kinapobanduliwa, hata kama kimebanduliwa kwa ajili ya kuibwa. Mkungu wa chikichi wa Ujiji na mkungu wa Rumonge imekutana katika sentensi hiyo. Kifungu cha 258 kinaongeza neno ambalo msomaji alishike, maana litarudi: mwizi ni anayechukua bila dai la haki.

Wavuvi wa ziwa hili waliyajua magumu ya jambo hili kabla mwanasheria yeyote hajafika. Ndagala, ambao Watanzania huwaita dagaa, huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikitanda mitumbwi hubaki mwaloni, kwa kuwa samaki hawafuati taa wakati ziwa zima linang'aa. Usiku wa giza mvuvi hukaa saa nyingi akiwavuta kidogokidogo chini ya mwanga wake, na nyuma ya ndagala huja mukeke, yule ambaye Kigoma wanamwita mgebuka. Mtumbwi mwingine ukijipenyeza kimya ukakokota wavu kandokando ya mwanga huo, kuna mtu atakayejiona ameibiwa, na ghadhabu yake ni ya haki. Lakini kanuni ya tangu Warumi ni kwamba samaki wa ziwani hana mwenyewe hadi anaswe. Taa haimiliki. Wavu ndio unaomiliki. Samaki akishakuwa wavuni, anayemtoa humo ni mwizi, hata akiwa mmoja tu na hata kama wavu haujapandishwa.

Kuna na lile la vibarua wa mtumbwi wanaouza sehemu ya samaki katikati ya ziwa kabla ya kumfikia mwenye vyombo. Watu wa mwaloni huliita wizi bila kusita. Sheria yenye asili ya Ufaransa inasita, kwa sababu kama samaki walikabidhiwa mikononi mwao, hawakumwondolea mtu kitu. Walikuwa nacho tayari. Hilo ni kula amana, kosa jingine lenye ibara yake. Kiswahili kilikuwa na jina hilo zamani, na kinalitenga na wizi kwa usahihi ambao mwalimu wa sheria angeupenda.

Jambo la kwanza kati ya yale manne, kitu, ndilo lililoandika ukurasa wa kwanza wa Rumonge katika vitabu vya historia, na uliandikwa kwa damu. Mwaka 1879 wamisionari wa Shirika la Mapadri Weupe, waliotokea Ujiji, walijenga misheni yao hapa, ya kwanza katika nchi inayoitwa leo Burundi. Biashara ya watumwa kwenye ziwa ilikuwa moto. Misafara ya Ujiji ilinunua watu, na mapadri nao walitoa mali kuwakomboa watoto na kuwalea misheni. Mwaka 1881 ulizuka mzozo juu ya mtoto mmoja kati ya hao. Watu wa Bikari, mkuu wa sehemu hizo, walikuwa na mtoto huyo; mapadri wakaenda kumdai. Tarehe 4 Mei 1881 mapadri Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao d'Hoop, waliuawa. Misheni ya Rumonge ikavunjika.

Kila upande siku ile uliamini kwamba mwenzake ndiye aliyechukua kisicho chake. Kwa misheni, mtoto alikuwa amekombolewa kwa gharama na kuwekwa chini ya ulinzi wake. Kwa watu wa Bikari, wageni walikuwa wameshika mtoto wa nchi. Mfanyabiashara wa Ujiji angeuliza tu bei iliyolipwa. Hayupo katika hao watatu aliyekuwa na lugha ambayo wengine wawili wangeikubali, na mtoto mwenyewe, ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kwanza ya kusema, hakuulizwa. Kanuni ya adhabu ilipofika baadaye ilimtoa binadamu kabisa katika orodha ya vitu: mtu hawezi kuibwa, anaweza kutekwa, na kumteka ni kosa dhidi ya uhuru wake. Siku hizi sentensi hiyo inasomeka kirahisi. Kwenye mwambao uliokuwa umezoea kuona watu wakipakiwa mitumbwini pamoja na pembe za ndovu, ilikuwa sentensi nzito.

Wenyeji wa Burundi walikuwa na mizani yao pia. Kesi za mlimani ziliamuliwa na bashingantahe, wazee waliotawazwa kwa uadilifu wao, ambao jina lao linatokana na intahe, fimbo waliyokuwa wakiipiga chini walipokata shauri. Waliketi uwanjani, wakasikiliza pande zote na majirani, na lengo lao kubwa lilikuwa kurudisha kilichochukuliwa na kuwapatanisha watu watakaoendelea kuchota maji kisima kimoja. Na Kirundi kina maneno mawili ambayo mtu asiyejua historia ya nchi anaweza kuyachanganya. Kwiba ni kuiba, kazi ya mtu wa usiku. Kunyaga ni kumvua mtu ng'ombe au shamba kwa nguvu ya utawala, mchana, mbele ya watu. Mwami, yaani mfalme, alinyaga. Mtware, yaani chifu wake, alinyaga. Aliyenyagwa hakwenda kumshtaki mtu kwa wizi. Alikwenda kutafuta bwana mwingine. Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno hilo, maana ni ndugu wa kunyang'anya, na washairi wa zamani wa pwani walitumia kunyaga kama lilivyo.

Kati ya kwiba na kunyaga ndipo yalipoangukia yale ya 1972.

Tarehe 29 Aprili mwaka huo uasi ulilipuka kusini mwa nchi, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa sehemu za kwanza kushambuliwa. Waasi wa Kihutu waliwaua raia wengi wa Kitutsi katika siku chache. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima na kudumu miezi, yakiwalenga Wahutu, kwanza waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, wanajeshi, wafanyabiashara. Makadirio ya waliouawa huanzia watu 100,000 na kufika 300,000. Warundi hukiita kipindi hicho ikiza, balaa. Kwenye mwambao watu walikimbilia walikoweza kukimbilia haraka, yaani majini na njia ya kusini. Wengi waliishia Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora na Katumba na Mishamo upande wa Mpanda, ambako walifyeka pori na kuwa wakulima wa kutegemewa.

Waliacha nyuma vitu vya aina mbili, na sheria iliviona kwa macho mawili. Baiskeli, mabati yaliyong'olewa mapaani, nyavu, cherehani, ng'ombe, mitumbwi: hivi vilibebwa, na aliyevibeba alikuwa na yote manne kichwani pake. Kulikuwa na kitu, cha mwingine, kimeondolewa, kwa nia. Kanuni ya 1940 iliyokuwa ikitumika iliweka kifungo kisichozidi miaka 5 kwa wizi wa kawaida na kukipandisha hadi miaka 10 kwa wizi wa kuvunja, wa usiku katika nyumba yenye watu, wa mtumishi wa serikali anayetumia cheo chake, na hata wa yule anayedanganya kwamba ana amri ya serikali. Waliotunga sheria hiyo walimfikiria mtu mwenye amri ya uongo. Mtu mwenye amri ya kweli hawakumfikiria. Na shauri la jinai lina umri wake. Miaka ikipita bila mashtaka, linakufa. Waliokimbia walikuwa Mishamo wakipanda tumbaku wakati mashauri yao yakifa moja moja bila hata kuzaliwa.

Aina ya pili ni ardhi. Hiyo haikubebwa. Ilibaki pale pale na michikichi yake juu, ikaingia mikononi mwa wengine kwa njia nyingi ambazo ni lazima zitofautishwe. Wapo majirani waliosogeza mpaka. Wapo ndugu waliobaki wakauza cha wote kama chao. Wapo maofisa waliojigawia. Na wapo, kwa wingi, maskini kutoka milimani walioletwa au kukaribishwa na utawala, wakaonyeshwa kipande na kuambiwa hiki chako. Shirika la serikali la maendeleo ya eneo, lililofahamika kwa kifupi cha Kifaransa SRD Rumonge, liliyaunganisha mashamba ya zamani katika mradi wa mawese, likapanda michikichi mipya kwa mistari na kugawa viwanja upya. Mpaka wa babu, ule uliokuwa mti fulani na jiwe fulani, ukafutika chini ya mistari hiyo. Mkimbizi aliyerudi miaka 30 baadaye hakukuta shamba lake likiwa na mtu mwingine. Alikuta vipande vya watu watano vikilipita shamba lake, kila mmoja akiwa na mguu hapa na mguu nje.

Katika hali hiyo lile jambo la nne, nia, linageuka kuwa gumu kuliko yote. Mkulima aliyepewa kiwanja na serikali, akalipa michango, akazika wazazi wake humo, alidhani nini moyoni mwake? Baadhi walijua vizuri michikichi ile mikubwa ilipandwa na nani. Wengine walizaliwa hapo na hawakuwahi kuambiwa. Kuwaita wote wezi ni kuwaonea. Kuwaita wote wasiojua ni kuwadhulumu waliorudi. Nalitumia neno hilo kwa makusudi, kwa kuwa Kiswahili cha mwambao wenyewe, kinachosikika katika mitaa ya Waislamu wa Rumonge na sokoni, kimelitunza kwa kazi hii hasa. Kuiba ni siri. Kunyang'anya ni nguvu. Kupora ni fujo. Kudhulumu ni kumnyima mtu haki yake, na mtu anaweza kudhulumiwa kwa karatasi yenye muhuri, mbele ya mashahidi, bila mlango wowote kuvunjwa. Neno hilo halina ibara yake katika kanuni ya adhabu ya nchi yoyote inayolizunguka ziwa.

Serikali ililiona tatizo mapema. Jean-Baptiste Bagaza alitwaa madaraka Novemba 1976, na tarehe 30 Juni 1977 zilitoka amri mbili zenye uzito kwa Imbo. Moja ilifuta ubugererwa, ule mfumo wa kale ambamo mtu alilima ardhi ya mwingine kwa kumtumikia na kumletea pombe na mazao. Nyingine iliwahusu waliokimbia matukio ya 1972 na 1973: warudishiwe haki zao. Wapo waliorudi wakati huo na kudai, na wengine walipata. Walio wengi hawakuamini, wakabaki. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya mwaka 1986, na ndani yake kanuni ya ukomo wa muda: aliyeikalia ardhi miaka 30 mfululizo, hadharani, bila kudaiwa, anaweza kuimiliki. Hesabu yake ni nyepesi. Ukianzia 1972 unafika 2002.

Ilikuwa saa inayolia kila siku katika masikio ya watu wa Katumba na Ulyankulu. Mtu angewezaje kudai shamba akiwa ng'ambo, wakati kurudi kulimaanisha hatari ya kuuawa? Melchior Ndadaye alipochaguliwa kuwa rais mwaka 1993 wengi walifunga mizigo. Aliuawa tarehe 21 Oktoba mwaka huo huo, vita vikaanza, na barabara ya kurudi ikageuka kuwa barabara ya kukimbilia tena.

Mkataba wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 baada ya upatanishi ulioanzwa na Julius Nyerere na kumaliziwa na Nelson Mandela, ulilishika jambo hili kwa jina. Itifaki yake ya nne ilisema wakimbizi warudishiwe mali zao, hasa ardhi, na pale isipowezekana walipwe fidia ya haki. Tangu 2002 karibu watu nusu milioni walirejea Burundi, kutoka Tanzania hasa. Kati ya watu wa makazi yale ya zamani ya 1972, waliokuwa kama 218,000, zaidi ya 160,000 walichagua na kupewa uraia wa Tanzania. Zaidi ya 50,000 walirudi nyumbani. Waliorudi, abahungutse, walikuja na watoto waliozungumza Kiswahili cha Tabora na kuijua Rumonge kwa masimulizi tu: mto huu, kilima kile, mchikichi uliopigwa radi.

Mwaka 2006 iliundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo, maarufu kwa herufi CNTB, na Rumonge ikawa miongoni mwa sehemu zenye mashauri mengi kuliko zote. Miaka ya mwanzo tume ilipendelea kupatanisha. Ujumbe ulikuja shambani, wazee wakaitwa, kamba ikavutwa, na mara nyingi shamba likakatwa katikati: nusu kwa aliyerudi, nusu kwa aliyelikuta. Tangu 2011, chini ya mwenyekiti wake Sérapion Bambonanire, msimamo ulibadilika. Aliyekimbia arudishiwe chote, na aliyekuwamo, kama ana malalamiko, aidai serikali iliyompa. Sheria mpya ya tume ikaja mwishoni mwa 2013, na mahakama maalumu ya ardhi mwaka 2014. Kila upande ulipata sababu ya kulia. Waliorudi walisema nusu ya haki ni dhuluma iliyopigwa muhuri. Waliokuwamo walisema wanafukuzwa kama wezi ilhali walipewa na serikali ile ile inayowafukuza. Bujumbura mwezi Mei 2013, familia moja ilipotolewa nyumbani Ngagara, majirani walipambana na polisi. Mapema 2015 kazi ya tume ikasimamishwa kwa muda katika mkoa wa Makamba, jirani wa kusini, kwa sababu ya vurugu. Muda wa tume ulikwisha Machi 2022, na majalada yaliyobaki yakaelekezwa mahakamani.

Katika miaka hiyo yote swali la wizi lilikuwa likirudi kwa mlango wa nyuma, na mlango wenyewe ni ule mkungu.

Tuchukue mfano ambao mwanasheria yeyote wa mwambao huu anaweza kuuchora kwenye ubao. Mtu amerudi kutoka Mishamo. Shamba la baba yake lina mwingine. Shauri liko kwenye tume, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watoto wana njaa. Usiku mmoja, au hata mchana, anakwea mti ambao anaamini aliupanda baba yake, anakata mikungu 4, anaipeleka kukamuliwa. Aliyemo shambani anakwenda polisi: nimeibiwa. Kitu kipo, kimeondolewa bila ridhaa. Lakini ni cha nani? Hakimu wa jinai hawezi kujibu hilo bila kuingia katika shauri la ardhi ambalo tume yenyewe haijalimaliza. Na nia je? Mtu huyu hakutaka cha mwingine, alitaka chake. Kigoma angesimama kwenye lile dai la haki, na mwendesha mashtaka angekuwa na kazi ngumu. Rumonge wakili wake angesema jambo hilo hilo kwa maneno ya Kifaransa: hakuna hila pale ambapo mtu anaamini kwa dhati kuwa ni mali yake. Geuza sasa mfano. Aliyemo shambani amekata mikungu kwa miaka 30 mfululizo, maelfu ya mikungu, kila mmoja ukibanduka mtini na kuwa kitu cha kubebeka mikononi mwake. Kama ardhi haikuwa yake, je, aliiba kila msimu? Naye anayo karatasi, naye anaamini. Watu wawili wanasimama chini ya mti mmoja, kila mmoja akimwita mwenzake mwizi, na sheria ya wizi haiwezi kumshika hata mmoja.

Ndiyo maana kugawana nusu kwa nusu, pamoja na uchungu wake wote, kulileta kitu ambacho mwambao huu ulikuwa umekikosa kwa kizazi kizima. Katika mashamba yaliyokatwa kwa makubaliano, mpaka mpya ulipita kati ya mistari miwili ya michikichi, ukawekewa alama mbele ya mashahidi wa pande zote. Kung'oa au kuhamisha alama ya namna hiyo ni kosa la jinai peke yake. Kwa waliokosa pa kurudi kabisa, wale ambao wazazi walifia Tanzania bila kuwaonyesha mahali, vilijengwa vijiji vya amani. Mutambara, karibu na mji wa Rumonge, ni kimoja cha vijiji hivyo, ambako Wahutu, Watutsi na Watwa, waliorudi na wasiowahi kuondoka, walipewa nyumba za mstari mmoja. Wengi wao hulima kwa kukodi, mbali na nyumbani.

Miaka ya karibuni ziwa nalo limepanda. Maji yameingia katika mitaa ya ufukweni ya Rumonge na kuzifunika nyumba na viwanja, vikiwemo vya watu waliovigombania mbele ya tume kwa miaka. Mwaka 2025 ramani mpya ya utawala ilipoipunguza Burundi kutoka mikoa 18 hadi 5, Rumonge, iliyokuwa mkoa kwa miaka 10 tu, iliingizwa katika mkoa wa Burunga, na majalada yakahamishwa tena.

Lakini huko juu kidogo, mbali na maji, msimu wa mavuno kuna familia mbili zinazokwea michikichi siku moja, kila moja upande wake wa alama. Mkungu wa mti wa mpakani ukiangukia ng'ambo, mtoto hutumwa kuomba ruhusa kabla ya kuuokota. Usiku wakisikia panga juu ya mti na hawajui ni nani, pande zote mbili hutoka na tochi.